Nyumba ya Mafungu Manane

Siku niliyotia saini, barazani kwa sheha, kiongozi wa mtaa, tulikuwa watu kumi na wawili, na wa kumi na tatu alikuwa ndani ya simu. Simu iliegemezwa kwenye chupa ya chai ili kaka mmoja katika warithi wa nyumba, aliyeko Mombasa, atuone na sisi tumuone. Mtandao ukikatika, sote tunanyamaza. Ukirudi, sheha anauliza upya, "Umeridhia nyumba iuzwe?" na jibu linafika limechelewa, midomo yake ikiwa imeshafumba: "Nimeridhia."

Walimu wenzangu skuli, hasa wa kike, wananiuliza nimewezaje kununua nyumba mjini Unguja, tena Ng'ambo, tena peke yangu. Nimekuwa nikiwajibu vipande vipande wakati wa mapumziko, kengele ikilia kabla sijafika nusu. Leo nayaandika yote, maana yale niliyoyapuuza mwanzo ndiyo yaliyokaribia kunimaliza.

Nimezaliwa Wete, Pemba. Nilikuwa na miaka tisa mama alipoachwa. Nyumba ilikuwa ya baba, kiwanja cha ukoo wa baba, hata mwembe wa uani ulikuwa wa babu. Tulitoka na cherehani na fungu moja la nguo, tukaenda kulala kwa mjomba, chumba ambacho usiku ule ule kilikuwa na watoto wengine wanne. Mama hakulalamika mbele yetu. Lakini mpaka anakufa alikuwa akiniambia nitafute mlango wangu mwenyewe, nifunge mimi na nifungue mimi. Nilipovuka kuja Unguja kusomea ualimu nilikuja na maneno hayo. Nimepanga vyumba vitano katika mitaa minne: Jang'ombe, Kwahani, Magomeni, na viwili Mlandege. Watoto wangu wawili wamekulia humo.

Kila niliyemwambia nia yangu alinielekeza nje ya mji. Nunua kiwanja Fuoni. Nenda Kisauni, nenda Tomondo, ukiweza jitupe Bumbwisudi. Si ushauri mbaya, na watu wengi wameufuata: sensa ya 2022 ilihesabu watu 893,169 katika Mkoa wa Mjini Magharibi, karibu na nusu ya Wazanzibari wote 1,889,773, na ukipanda gari kuelekea huko utaona mashamba ya jana yamekuwa mitaa. Lakini kiwanja si nyumba. Kwa mshahara wangu, kiwanja ni miaka mingi ya kununua matofali kidogo kidogo huku kodi ya chumba inaendelea kulipwa, na mwanamke peke yake akikimbizana na fundi aliyechukua saruji akazima simu. Na zaidi ya hayo, mimi nilikuwa nimeshazoea watu.

Mtaa wenyewe sitautaja. Uko baina ya Mlandege na Rahaleo, na wanaoujua wataujua. Nyumba ya kushoto anakaa bibi wa Kingazija ambaye baba yake alikuja kwa jahazi kutoka Moroni. Kulia kuna familia ya Micheweni, wavuvi, watu wa kwetu Pemba. Mbele yetu ana karakana fundi seremala wa Kimakonde. Duka la kona ni la mzee wa Kishihiri, na chumba cha nyuma yake amepanga mama wa Kisukuma anayefanya kazi hotelini Nungwi, Jumapili akaenda kusali kanisa la Minara Miwili. Ramadhani mama huyu hupika mapema akafunika, na watoto wake sijawahi kuwaona wanakula mlangoni. Hakuna aliyemwambia. Bibi wa Kingazija naye, huyu mama akiingia zamu ya usiku, watoto wale hulala kwake.

Mambo haya hayakuanza jana. Ng'ambo maana yake ni upande wa pili wa maji, na maji yalikuwepo kweli: mkono wa bahari ulioingia kutoka upande wa Funguni ukazunguka nyuma ya Mji Mkongwe, na daraja la kuuvuka ndilo lililoipa Darajani jina lake. Ulifukiwa kidogo kidogo mpaka miaka ya 1950. Upande ule yalikuwa majumba ya mawe. Upande huu walijenga watumwa na waliokwishaachwa huru, Wamanyema, Wanyamwezi, Wazaramo, Wangazija, Washihiri, na watu wa mashamba waliokuja kutafuta kibarua. Hapa ndipo Siti binti Saad, mtoto wa Fumba, alipokaa na kuimba taarabu kwa Kiswahili. Kwa hiyo mtu akiniambia mitaa ya Ng'ambo imechanganyika siku hizi kwa sababu ya utalii, namwomba akaulize wazee wake.

Sasa niseme jambo ambalo mnunuzi lazima alielewe kabla hajatoa hata shilingi. Nyumba ni kitu kimoja na ardhi ni kitu kingine. Wazee wa Ng'ambo walilijua hilo zamani: mtu alijenga kibanda chake mwenyewe juu ya ardhi ya mwengine, mara nyingi ya tajiri au ya wakfu, akalipa kodi ya ardhi. Mwaka 1928 kodi zilipozidi, wenye vibanda waligoma kulipa, na serikali ya wakati ule ikalazimika kuziwekea mipaka. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi yote ikafanywa mali ya umma. Mpaka leo, chini ya Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya mwaka 1992, unachopata ni haki ya kuitumia ardhi. Kuta ni zako, paa ni lako, mti ulioupanda ni wako, na udongo uliosimama juu yake ni amana. Ukishalijua hili, utajua pia kwa nini karatasi ni nyingi: haki hiyo haihami kwa kupeana mikono. Lazima ipite Bodi ya Uhamisho wa Ardhi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na mauzo yaliyoishia kwa dalali na mashahidi wawili hayajakamilika hata kama unalala ndani.

Sheria hiyo ya 1992 inasema pia kuwa mwenye haki hiyo awe Mzanzibari aliyetimiza miaka 18. Fundi seremala wetu ana miaka ishirini na mbili katika mtaa huu. Milango mingi ya uchochoro wetu ni ya mkono wake. Anapanga, na anasema atapanga mpaka arudi kwao Newala, kwani Uzanzibari nao una sheria yake ya 1985 na njia yake ndefu. Naielewa sababu. Visiwa ni vidogo, na bila uzio fedha za nje zingeshanunua fukwe na mitaa sisi tukabaki wapangaji. Hata hivyo kila nikimwona anapiga randa mbao kwa ajili ya nyumba ya mwengine, moyo wangu haukai sawa, na sitaki kuandika kama kwamba umekaa.

Mara ya kwanza nilikosea. Ilikuwa nyumba nyingine, mtaa mwengine. Dalali aliniambia warithi ni wanne na wote wako tayari, nikaonana nao, wakacheka nami, nikatoa arubuni ya milioni sita. Wiki ya tatu nikapigiwa simu usiku wa manane. Mwanamke, yuko Muscat, sauti ya utulivu kabisa. "Mwalimu, nyumba unayoinunua ni ya baba yangu pia. Mimi ni mtoto wa mke mdogo. Hakuna aliyeniambia." Sikulala. Nilipomuuliza dalali akasema huyo si wa kuhesabiwa, yuko mbali na ana uwezo wake. Nikavunja mauzo kesho yake. Pesa zangu nilirudishiwa baada ya miezi saba, kidogo kidogo, na laki tatu sijaziona hadi leo. Yule mwanamke wa Muscat nimezungumza naye mara ile moja tu, lakini nilijiona nimesimama katika nafasi ya wale waliomtoa mama yangu Wete.

Kwa hiyo nilipoambiwa kuna nyumba ya urithi karibu na ninapopanga, neno langu la kwanza lilikuwa: nionesheni warithi. Marehemu aliacha mjane, watoto wawili wa kiume na watatu wa kike. Kwa mirathi yetu, mjane akiwepo pamoja na watoto hupata thumni, yaani fungu moja katika manane. Saba yaliyobaki wanagawana watoto, mwanamume mafungu mawili na mwanamke moja. Hesabu ikatoka kamili bila kuvunja hata fungu: mama moja, kila kaka mawili, kila dada moja. Tulipofika kwenye bei, milioni themanini, kila fungu likawa milioni kumi. Mgao huo ulikuwa umekwishaandikwa rasmi, na hati ya mgao ndiyo karatasi ya kwanza niliyoomba kuiona. Ndugu wanaweza wakawa watu wema kabisa, wakawa hawajagawa tu, na nyumba isiyogawiwa ni ya wote na si ya yeyote. Niliuliza pia kama yupo miongoni mwao anayetaka kuwanunua wenziwe, kwa sababu mshirika ana haki ya shufaa, yaani ya kununua kabla ya mtu wa nje. Hakuwepo.

Kaka mkubwa ndiye aliyezungumza kwa niaba ya wote, mtu mpole na mwenye haraka. Nikamwambia nitafika kwa kila mmoja. Akashangaa kidogo: "Dada, si nimeshakwambia wameridhia?" Nikamjibu kuwa namwamini, na nitafika.

Dada mkubwa anakaa Chaani. Nilipanda gari, tukazungumza ukumbini kaka yake akiwepo, akasema ameridhia. Alisema huku anatazama mkeka. Nikarudi wiki iliyofuata na shangazi yangu, bila kaka. Safari hii alitukaribisha jikoni, akawa anakuna nazi, na baada ya muda mrefu akauliza, si mimi, kama anaiuliza mbuzi ya nazi: "Mama atakwenda wapi?"

Hakuna aliyekuwa amelijibu swali hilo. Mjane, bi mkubwa wa miaka zaidi ya sabini, alikuwa akiishi ndani ya nyumba ninayoinunua. Watoto kila mmoja alidhani mwenziwe atamchukua. Milioni zake kumi ilikuwa imeshasemwa kwamba atashikiwa na kaka mkubwa. Pengine kaka angezishika vizuri, sina sababu ya kumdhania vingine, lakini mama wa watu alikuwa anatolewa nyumbani kwake bila kujua siku wala mahala, na aliyekuwa anamtoa ni mimi.

Nikasimamisha kila kitu. Dalali alikasirika, akaniambia bei itapanda, yuko mnunuzi wa Dubai mlangoni. Nikamwambia ampe. Miezi miwili ilipita. Ndugu wakakaa, wakagombana, wakakaa tena. Mwisho ikakubalika mama akakae kwa binti yake mdogo Mpendae, chumba cha mbele, na fungu lake liingie benki katika akaunti yenye jina lake. Kuna mwenzangu aliyeniambia hayo yalikuwa mambo yao, hayakunihusu. Yalinihusu. Ningelala vipi katika chumba kile?

Miezi ile miwili niliitumia kuikagua nyumba, na nakushauri uikague kabla bei haijakulevya. Nilikwenda mchana, usiku, Ijumaa baada ya sala, na siku ya mvua. Ni nyumba ya zamani ya Ng'ambo: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba viwili kila upande, uani, jiko na choo. Kuta za mwanzo ni udongo na mawe juu ya boriti na fito, baadaye zikapigwa lipu ya saruji, na paa lililokuwa la makuti sasa ni mabati. Upana wa vyumba unafuata urefu wa boriti za mikoko, ndiyo maana kitanda kikubwa kinaingia na kabati linabaki nje. Fundi alizigonga boriti za dari moja moja kwa nyundo na kusikiliza. Nne zililia tupu, zimeshaliwa na mchwa. Hizo nne, na lipu iliyoachia ukutani, ndizo zilizoshusha bei kutoka milioni themanini na tano hadi themanini.

Karo la choo liko chini ya uchochoro na linatumiwa na nyumba mbili, yangu na ya watu wa Micheweni. Mauzo hayakulitaja. Nikaenda kwa jirani, tukakubaliana gari la kunyonya likiitwa tunalipa nusu kwa nusu, tukaandika. Mlizamu wa paa langu unamwaga maji uani kwake bibi wa Kingazija, na umemwaga hivyo tangu enzi za marehemu. Nikamuuliza kama nimgeuzie. Akasema, "Usigeuze. Maji yale nafulia."

Ni yeye pia aliyenieleza habari ya mafuriko, ambayo hakuna muuzaji aliyeigusa. Nilikaa barazani kwake jioni moja, akanipa kahawa na kashata, akaniuliza watoto wangu wanasoma darasa la ngapi. Kisha akanishika mkono akanipeleka kwenye ukuta wake wa nje. Chini ya dirisha umepita mstari wa rangi ya kahawia, kama umepigwa rula. "Hapa yalifika masika yale mabaya," akasema. "Bahari ilifukiwa, lakini maji bado yanaikumbuka njia." Nyumba ninayoinunua ina vidato viwili mlangoni. Kidato cha juu kiko chini ya mstari ule.

Niliinunua hata hivyo. Mitaro mikubwa imejengwa mjini miaka ya karibuni, na mtaro wetu hauna taabu ukizolewa. Nilinunua nikijua, na kujua kulinifanya nitenge pesa ya kidato cha tatu kabla ya pesa ya rangi.

Kuhusu pesa nitasema kwa ufupi, maana hazina hadithi ndefu. Nilitaka murabaha, benki inunue kisha iniuzie kwa faida inayojulikana, lakini nyumba ilikuwa na mkataba wa zamani uliopigwa chapa na stakabadhi zilizochanika, haina hati, na bila hati benki haikuwa na cha kushika. Basi ikawa akiba ya miaka kumi na moja, mchezo wa walimu kumi na watano ambao walikubali nipokee mimi mwanzo, bangili nne za mama, na mikarafuu yangu ya urithi ambayo ndugu yangu aliinunua ili isitoke kwenye ukoo. Nikalipa milioni hamsini baada ya saini na thelathini baada ya Bodi kuidhinisha. Hilo nililikazania. Dalali alitaka zote siku moja.

Narudi barazani kwa sheha. Baada ya kaka wa Mombasa waliulizwa dada watatu. Wa Chaani safari hii hakutazama mkeka. Bi mkubwa aliulizwa wa mwisho, amekaa na kanga yake mpya, mikono juu ya magoti. Sheha akainama, akamuuliza kwa heshima kama ameridhia nyumba aliyoachiwa na mumewe iuzwe kwa mwalimu huyu. Alikaa kimya muda, mpaka kaka mkubwa akataka kumjibia, na sheha akamzuia kwa kiganja.

"Nimeridhia," akasema. "Na pesa zangu nipewe mimi."

Akapiga dole gumba. Kesho yake tulikwenda benki sote, foleni moja, na zile hamsini zikaingia kwa kila mwenyewe kwa kadiri ya fungu lake.

Idhini ya Bodi ilichukua miezi mitano. Hati yenye jina langu bado inashughulikiwa, na kila mwezi nafika kuiulizia nikiwa na jalada langu la plastiki: barua ya sheha, hati ya mgao, mkataba, ramani ya mpima. Boriti nne zimebadilishwa. Fundi seremala amenitengenezea mlango wa mninga, nao ndio ninaoufunga kila usiku kwa ufunguo wangu.

Kidato cha tatu kilikuwa bado hakijakauka vizuri masika ya mwaka huu yalipoanza. Usiku wa mvua kubwa, saa nane, niligongewa. Uchochoro wote ulikuwa nje. Wavuvi wa Micheweni wameingia mtaroni hadi mapajani wakivuta chupa za plastiki na majani ya mgomba, fundi seremala amebeba mbao za kuzibia milango, mama wa Kisukuma na wanawe wanajaza mchanga kwenye magunia ya mchele aliyoyatoa mzee wa duka. Nikapandisha nguo nikaingia. Maji yalipita kidato cha kwanza, yakafunika cha pili, yakasita. Bibi wa Kingazija alikuwa amekaa kwenye kiti mlangoni kwake na tochi, anamulika ule mstari ukutani.

"Bado shibiri mbili," akatuambia, na tukaendelea kuzoa.